Degedege Kwanza, Homa Baadaye

Siku yangu ya kwanza kazini, katika wodi ya watoto hapa Sumbawanga mjini, nilipokea mtoto aliyefungwa hirizi kiunoni. Nikamuuliza Matroni, mkuu wetu wa wauguzi, kama niikate. Akaitazama, akasema, "Imekuzuia kupima homa?" Nikasema hapana. "Basi iache. Mama yake ameshaogopa vya kutosha."

Baadaye nilihamishiwa zahanati moja ya kijijini, mbele ya Kasense. Ulikuwa wakati wa mageuzi: maduka ya dawa ya watu binafsi yalikuwa yanafunguliwa mjini, nasi tulikuwa tumeanza kuwaambia wagonjwa wachangie matibabu. Wasukuma nao walikuwa wanaingia na ng'ombe wao kutafuta malisho. Sisi Wafipa wa mahindi na ulezi tulikuwa hatujawazoea, wala wao hawajatuzoea.

Asubuhi moja ya baridi aliingia Bibi Minza, mama wa Kisukuma, amembeba mjukuu wake Masanja. Nyuma yake alikuwa Kabula, mama wa mtoto. Masanja alikuwa anawaka homa, macho yamegeuka juu, mikono inakakamaa. Ilikuwa malaria imepanda kichwani; watu waliiita degedege. Nguo zake zilinuka moshi wa kinyesi cha tembo, maana walikuwa wameshamfukiza nyumbani kulitoa degedege.

Mganga Mfawidhi, mkuu wa zahanati yetu, akaagiza sindano ya kwinini. Kuona sindano tu, bibi akamkumbatia mtoto na kuelekea mlangoni.

"Mama, ukimtoa hapa atakufa," Mfawidhi alisema.

"Ukimchoma ndiyo atakufa," bibi akajibu.

Nilimtazama Kabula. Alikuwa analia, lakini hakuthubutu kusema neno mbele ya mama mkwe wake. Nikajua uamuzi hauko kwake. Nikasogea mlangoni, nikainama kidogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Sindano umeiona wapi ikiua?"

Akamvuta mtoto kifuani. "Mtoto wa mdogo wangu. Aliletwa hivihivi, anastuka. Wakamchoma. Hakufika jioni. Degedege halitaki sindano."

Kwa hiyo hakuwa mkaidi. Alikuwa ameona kwa macho yake mtoto aliyefikishwa kwa kuchelewa, na kitu cha mwisho alichofanyiwa kilikuwa kuchomwa. Ningekuwa mimi, ningekimbia pia.

"Na likishaondoka degedege," nikamuuliza, "ikabaki homa tupu?"

"Homa tupu inachomwa," alisema. "Hata mimi nimechomwa."

Nikamgeukia Mfawidhi. Alikuwa mtu wa haraka, lakini hakuwa na kiburi. Akafikiri, akasema, "Dawa ya kutuliza mshtuko inaweza kupitia njia ya haja kubwa. Haihitaji kuchoma." Akachomoa sindano kwenye bomba, akaiweka mezani bibi aione, akabaki na bomba peke yake.

Bibi aliligusa bomba lile kwa kidole. Kisha akaketi na mtoto mapajani. Tulimpa dawa. Mikono ya Masanja ikalegea, pumzi ikatulia. Nilimwacha bibi amkague mwenyewe, macho, vidole, shingo.

"Limetoka," alisema. "Sasa mchomeni."

Kabula akamshika mtoto mkono wakati anachomwa. Kesho yake Masanja aliomba maziwa.

Si wote walipona. Wiki hizohizo mtoto mwingine alifika kwetu ameshakata roho njiani. Mama yake alikuwa amefukuzwa kwa maneno makali kwenye duka la dawa, akarudi nyumbani kufukiza. Huyo bado ananijia akilini. Lakini Bibi Minza alianza kuwaleta watoto wa majirani zake mapema, kabla hawajakakamaa. Nilimsikia barazani akiwaelekeza wenzake kwa Kisukuma, nikamwomba Kabula anitafsirie. "Anasema hapa wanatoa degedege kwanza," Kabula alisema, "homa baadaye."

Kwenye vitabu vyangu vya uuguzi degedege lile na homa ile vilikuwa malaria moja. Sikumsahihisha.

Sasa nimestaafu, naishi Chanji. Juzi binti wa jirani yangu, muuguzi kijana, alipita akiwa amechoka.

"Bibi, wale watu waliomtoa mtoto wao wodini hawaelewi kabisa."

"Wanaogopa nini?" nikamuuliza.

Akasema hajawauliza. Nilimmiminia chai. Alipoimaliza alisema kesho atapita nyumbani kwa watu wale awaulize, kabla ya kwenda zamu.