Ile si alovera

Leo asubuhi nimekuta kaktusi yangu imekatwa mukono.

Iko kwenye bidoni, dumu kuukuu pale mulangoni, mutaani kwetu Buyenzi wote wanaijua. Pale ilipokatwa bado ilikuwa inatoa maziwa, yanadondoka kwenye simenti.

Nikaanza kufoka. Jirani yangu Mama Shabani alikuwa anafagia, akacheka.

"We unalilia tawi? Dawa haiombwi. Ukiomba, haiponyeshi."

Ni kweli, ndio desturi yetu. Lakini nani amekata?

"Mama mumoja, simujui. Alikuwa na mutoto mugongoni. Amesema alovera yako imenona."

Hapa kwetu kila mumea munene wa miba unaitwa alovera.

Nikamuuliza, "Mutoto anaumwa nini?"

Mama Shabani akaacha kufagia.

"Macho."

Jamani, maziwa ya ile kaktusi yanapofusha.

Tumezunguka mitaa yote mpaka adhana ya adhuhuri. Apana, hakuna anayemujua. Mupitishe ujumbe huu, hata mutaa wa Kinama.

Mama, kama hujamupaka, tupa. Kama umeshamupaka, osha na maji mengi, kimbia hospitali.

Usiogope kuniambia. Tawi nimekupa.