Chairlady alikana sauti yake, akasema ni PhD yangu imeitengeneza

Wakuu, sasa. Na nyinyi mnaosomanga tu bila kucomment, sasa pia, nawaonanga.

Majina nimebadilisha. Hizo zingine zote ziko vile zilitokea. Mwenye hataamini simlaumu, hata mimi siaminingi watu. Nikikaribishwa chai mahali sijazoea, kwanza naangalia nani mwingine anainywa.

Niko PhD ya computational linguistics. Kwa ufupi, nafundisha kompyuta kusikia vile watu wa Thika huongea, hii Kiswahili yetu ya soko yenye Kizungu na Kikuyu ndani. Simu zenu zinaelewa msoma habari wa TV. Zikimsikia mamangu zinaandika mambo ya kushangaza.

Kazi hiyo inataka sauti, masaa na masaa ya watu wakipiga story kawaida. Na hapa kwetu ukimwambia mtu unataka kumrekodi, anakuangalia kama broker wa ploti.

Mwenye aliniokoa ni Mama Halima. Ni chairlady wa kikundi cha akina mama wanaouza nguo sokoni Thika, Waislamu na Wakristo pamoja, wengine wanaishi Kiganjo na wengine Ruiru. Mamangu ni wa upande wa Ruiru. Kikundi kina tenti, viti, na zile sufuria kubwa za pilau. Harusi ama matanga ikitokea, wao ndio huitwa.

Mama Halima aliwaambia, "Huyu ni mtoto wetu, mpeni sauti." Wakanipa. Karibu data yangu yote ilitoka kwa hao, na yeye ndiye aliongea kuliko wote. Alikuwa ananiita Daktari hata kabla proposal ipite.

Kuna kitu moja kumhusu, mkumbuke. Adhana ikianza, Mama Halima hunyamaza. Si ati anapunguza sauti kama wenzake. Anakata neno katikati, anaijibu adhana kwa kunong'ona, ikiisha anaendelea pale pale alipoachia. Kwa recording zake nilikuwa nakata hizo nafasi zote nazitupa, juu kompyuta yangu haina haja na kimya.

Sasa, asubuhi moja mamangu akanitumia voice note. Ilikuwa imewekwa kwa WhatsApp ya kikundi na mtu wa Ruiru, naye akakataa kusema ameitoa wapi.

Ni sauti ya Mama Halima akiambia mtu kwamba hawa wa Ruiru watolewe polepole. Wasiitwe kwa kazi, wachoke wenyewe, na mali ya kikundi ibaki Kiganjo.

Nilienda nyumbani Ruiru nikampata mamangu ameketi tu na leso amekunja mapajani. "Huyo mtu nimeosha sufuria na yeye hadi mikono ikachubuka," akaniambia. Aliumia sana, na mimi nikaumia nikimwona.

Kisha Mama Halima akajibu kwa group. Akasema hiyo si yeye. Siku hizi kuna AI. "Na mnajua ni nani amekuwa akirekodi sauti yangu, na mnajua mamake anaishi wapi."

Aii. Mbaya zaidi ni kwamba ilikuwa inaleta maana kabisa. Ningekuwa wao, ningenishuku.

Akina mama wa Kiganjo wakaanza kunipigia mmoja mmoja. Turudishie sauti zetu. Supervisor wangu naye hakunipa maneno mengi: mtu akiondoa ruhusa yake, unafuta. Wakiondoka wote narudi mwanzo, na scholarship haingoji mtu.

Hapo nikashuku kila kitu kinachopumua. Nikamshuku classmate niliyewahi kumwachia laptop. Nikamshuku jirani mwenye tunashare wifi. Wacha niseme tu, nilimshuku hata mamangu. Nikamuuliza kwa upole kama kuna mtu alimsaidia kutengeneza kitu. Aliniangalia sana, halafu akaniletea chai bila sukari.

Ndio nikavaa headphones nikaisikiza hiyo voice note kama kazi.

Katikati anasema, "Hao wa Ruiru tuwape muda, wata..." halafu kimya. Mbali huko, adhana. Karibu na simu, mtu ananong'ona. Adhana inaisha. "...choka wenyewe."

Nikatoa headphones. Ilikuwa yeye. Mashine iliyofundishwa na recording zangu haingejua kunyamaza, kwa sababu hicho kimya ndicho nilikuwa natupa.

Sasa kithibitisho ninacho, na sikitaki. Nikisema, namwaibisha mama aliyenifungulia milango yote. Nikinyamaza, mimi ndiye fundi wa uongo na mamangu ndiye alinituma.

Mkutano uliitwa nyumbani kwa Mama Halima, Kiganjo, alasiri. Nyumba ilijaa, Ruiru ukuta huu, Kiganjo ukuta ule. Mimi nikapewa stuli katikati kama mgonjwa.

Mamangu akacheza voice note kwa sauti ya juu. Ilipofika kwa kile kimya, mtu akasema simu imekwama.

"Ngojeni," mamangu akasema. Wakangoja. Wakasikia ile adhana ya mbali, wakasikia mnong'ono, wakasikia neno likimaliziwa.

Mama Halima akanigeukia. "Daktari, mtoto wangu, waambie. Hiyo mashine yako si inaweza kuongea kama mimi?"

"Mashine yangu haiongei, mama. Inasikiza tu."

"Inasikiza ndio ijue kuongea," mama mmoja wa Kiganjo akanikata.

Mama Halima akapata nguvu. Akasema nimekula kwake, nimekaa kwa hicho kiti, kumbe nilikuwa namchimba. Mimi nilikuwa nimefungua mdomo niseme. Kweli nilikuwa nataka kusema.

"Huyu kijana amebeba sauti yangu yote," akaendelea, "sasa anaitumia kuni..."

Msikiti uko hapo nyuma tu. Adhana ya alasiri ikaanza.

Akanyamaza. Midomo yake ikaanza kutembea.

Hakuna mtu aliniangalia tena. Wote walikuwa wanamwangalia yeye, hata wa Kiganjo, na mamangu bado ameshika simu. Tulikaa hivyo mpaka muadhini akamaliza.

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuendelea pale alipoachia. Alirekebisha mtandio wake, akaingia chumbani kuswali. Watu wakaanza kutafuta viatu vyao mlangoni.

Kikundi kiligawanyika. Tenti zilibaki Kiganjo, sufuria zikaenda Ruiru, na sasa kukiwa na harusi kila upande unaazima kwa mwingine kwa kununa.

Wengine waliniachia sauti zao. Mama Halima alitaka zake. Nilienda na laptop nikafuta zote mbele yake. Akauliza, "Hakuna mahali umeficha?" Nikamwambia hakuna. Hakuniamini, na hajaniita Daktari tena. Kompyuta yangu imerudi kuwa kiziwi na thesis imesogezwa mbele sijui mpaka lini.

Nilichojifunza ni kwamba siku hizi mwenye ameshikwa na mwenye amesingiziwa watakuambia kitu kimoja, ni AI. Usiamini haraka, na usikatae haraka.

Lakini si hiyo hunisumbua. Mama Halima alikuwa ameisikiza ile voice note pamoja na sisi. Alisikia kimya chake. Angeendelea tu kuongea adhana ikilia siku hiyo moja, mimi ningekuwa nimeisha, na yeye angekuwa chairlady mpaka leo.

Alinyamaza.

Ungekuwa wewe, wakuu, ungenyamaza? Andikeni hapa chini, na msinidanganye.