Jumwa Chengo wa Mwisho

Kwa Waduruma, ndugu wanne wakizaa, kila mmoja humpa binti yake wa kwanza jina la mama yao. Ni heshima kubwa. Tabu yake huwaangukia wenye kuandika. Ndiyo maana huko Taru wako akina Jumwa Chengo wanne, Chengo akiwa babu yao, na huitana somo.

Mdogo wao aliajiriwa Ukunda na shirika moja la maji kutunza programu ya kupanga maboma yatakayowekewa mifereji. Ilikuwa ya Perl, lugha ambayo vijana wa mjini huiulizia kama wanavyoulizia habari za marehemu. Taarifa za maboma zilimfikia Jumwa kama safu kubwa yenye safu ndogondogo ndani yake, kila boma na safu yake. Akazifungua moja moja, akazipanga kwenye hashi, mfano wa kabati ambalo kila droo ina jina. Jina akaweka la mwenye boma. Boma lake mwenyewe, anakoishi mamake, akaliweka mwisho, kwa adabu.

Perl haigombi. Ukileta kitu chenye jina ambalo tayari lina droo, cha zamani hutupwa na kipya hukaa, kimya kimya. Akina Jumwa watatu wakatupwa. Mfereji ukawekwa kwa wa nne.

Somo yake mkubwa akampigia simu.

"Hongera, somo. Umesoma hadi ukajijua."

"Dada, ni kosa! Majina yetu ni mamoja, mashine ikabakisha la mwisho."

"Na la mwisho likawa lako."

"Nilijiweka mwisho kwa heshima yenu."

"Heshima hiyo tumeiona. Inatiririka."

Akamwendea Munee, mkubwa wake wa kazi.

"Madam, mifereji imeisha," alisema Munee. "Na wafadhili washapiga picha na mamako. Ametokea poa sana."

Jumwa akasahihisha: kila droo sasa ibebe safu nzima, si mtu mmoja. Mstari mmoja tu. Akina Jumwa wote wanne wakatokea, kamili, bila tone la maji.

Jumamosi akaenda nyumbani.

"Nimewaita dada zako waje kuteka," mamake alimwambia. "Wanasema hawanywi cha wizi."

Nje ya ua walikuwa wakipita, watatu, ndoo kichwani, wakielekea lamboni wanakonyweshewa mbuzi. Jumwa akatoka mbio.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," alijibu mkubwa wao, maana salamu haikataliwi, na hakupunguza mwendo.