Wachumba Tisa wa Evodius

Mimi ni mshenga. Nalisema mapema usije ukanidharau katikati ya habari. Nilikuwa nikihesabu ndoa arobaini na moja, kuanzia hapa Woolwich hadi Barking, na mbili za Birmingham. Iliyovunjika ni moja tu, ya Birmingham, na yule dada nilimwonya kabisa kwamba mwanamume anayekula ugali kwa uma si wa kumwamini. Kazi yangu ya mshahara ni kuwaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba ya wazee huko Plumstead. Ushenga ni karama. Watu husema sisi Wahaya tuna majivuno, lakini ukiwachunguza wanaosema hivyo, hawana cha kujivunia.

Evodius nilimjua sauti kabla sijamwona sura. Mwaka 2018 nilikwenda likizo Bukoba nikamkuta mama yangu, ambaye hajui kusoma hata jina lake, ana kitochi, simu ndogo ya vitufe, kinachomsomea meseji. Anabonyeza nyota, sauti ya mwanamume inatoka kwa upole: "Mama, umekunywa dawa? Ni mimi, Marcelina." Loo, nilihamaki. Nikamwuliza mama huyu bwana ni nani anayejifanya mimi. Mama akasema nimwache, huyo ni kijana wa watu, ana adabu, hata habari za msiba anazitoa polepole.

Mwaka uliofuata, baada ya misa hapa Woolwich, nikasikia mtu nyuma yangu ananiambia, "Shikamoo, mama." Niligeuka nimeshika kifua. Ilikuwa simu ya mama yangu imevaa koti.

Kumbe ndiye aliyeitengeneza. Alikuwa mwalimu wa kompyuta chuoni kule nyumbani, na katika chuo chao yeye ndiye wa kwanza kuifundisha simu ya bei ya chini kusoma Kiswahili kwa sauti. Hakuwa na studio, kwa hiyo alijifungia ndani ya kabati la nguo lililojaa mablanketi, akarekodi ba, be, bi, bo, bu hadi akaimaliza lugha nzima. Miezi miwili, jua la Dar es Salaam, mtu yuko kabatini anasema nya, nye, nyi. Mwenye nyumba alimwitia mchungaji. Programu ilipofanya kazi wakamtundikia picha ukutani, na wazee wa vijijini wakaanza kumsalimia redioni wakidhani ni mtangazaji.

Hapa London alikuwa akisubiri kibali cha ukimbizi. Walimweka Barking, nyumba moja na wanaume wengine watano na jiko moja. Hakuruhusiwa kufanya kazi, basi akawa anatutengenezea kompyuta zetu bure, nasi tunamlipa ndizi na nyama. Nilimwuliza alikimbia nini, akasema matatizo ya kazini. Nikasema pole, nikamwangalia vizuri. Mwanamume wa miaka arobaini, hanywi, ana shahada mbili, anaosha kikombe chake mwenyewe, na hana mke. Jamani, Mungu amlete mtu kama huyo mbele yangu mimi nimwache?

Nikaanza kazi. Kwa miaka mitatu nilimtafutia wachumba tisa, na sikubahatisha. Wa kwanza alikuwa nesi wa Barking, macho makubwa, ana nyumba. Evodius alimtengenezea laptop. Wa pili alikuwa mwalimu. Walikaa mgahawani kwa saa tatu wakizungumzia kifo cha baba yake mwalimu, binti akarudi amelia vizuri na amepona, lakini uchumba haukuonekana hata kwa mbali. Wa tatu alikuwa Beatha, mhasibu, mtoto wa Karagwe, ambaye ukimtazama mara mbili lazima ukaungame. Evodius alimsikiliza, akafikiri, akamwambia kwa ile sauti ya simu, "Dada, wewe unamfaa Method."

Method ni dereva wa basi aliyekuwa akikaa viti viwili nyuma yetu kanisani. Sikuwahi hata kumfikiria, maana anakoroma wakati wa mahubiri. Miezi minane baadaye walifunga ndoa, na nikaiandika kwenye daftari langu kama ndoa ya thelathini na nane. Mbona unaniangalia hivyo? Nani aliyewakutanisha?

Akafanya hivyo tena kwa mchumba wa tano, wa sita na wa nane. Mimi namletea mke, yeye anamtafutia mume. Kila mara nilipiga picha, Evodius upande huu, binti upande ule, wote wanatabasamu kama watu waliobanwa na viatu, nikaiweka mtandaoni na maneno, "Bwana anatenda! Hivi karibuni tutakula pilau." Kiherehere changu nakijua mwenyewe.

Baada ya yule wa tatu tulirudi pamoja kwa basi. Akasema, "Mama Evans, hawa dada ni wazuri sana. Wanastahili mtu." Evans ni mwanangu. Nami, ambaye naweza kumtambua mchumba kwa namna anavyofunga mlango, nilielewa. Nikageuza uso dirishani nikaanza kusoma majina ya maduka. Wiki iliyofuata nikamletea wa nne.

Barua ya uhamiaji ilikuja mwaka 2022. Alikuja nayo jikoni kwangu, akaiweka mezani, akaniomba nisome mwenyewe kwa sababu yeye hakuweza kuitamka. Hapo ndipo nilipojua yote. Mwalimu mwenzake aliazima laptop yake akakuta barua alizoandikiana na mwanamume. Chuo kilifanya kikao. Picha ikashushwa ukutani, na programu ikapewa jina la mkuu wa idara, ambaye hata kuwasha printa hujaribu mara tatu. Polisi walimweka ndani siku kumi na moja. Aliyofanyiwa humo sitayasema, maana aliniambia mimi, hakukuambia wewe. Alipotoka alikwenda kwao, mama yake akaongea naye akiwa ndani, mlango umefungwa.

Jina walilifuta, lakini sauti iliwashinda. Kuibadilisha ilibidi mtu mwingine aingie kabatini miezi miwili, na hakujitokeza mtu. Kwa hiyo wale wanaomtukana kwenye baa hadi leo wanasomewa meseji za wake zao na Evodius. Nilicheka hapo hapo, barua mkononi, halafu nikalia, halafu nikageuza ukurasa.

Ukurasa wa pili ulisema wamekataa kumpa kibali. Hawaamini kwamba anapenda wanaume. Na ushahidi wao ulikuwa nini? Picha tisa. Wanawake tisa tofauti, tarehe tisa, na chini ya kila picha maneno ya pilau yametafsiriwa kwa Kiingereza safi. Walisema mtu huyu ni mpenda wanawake kupindukia, na arudi kwao.

Yesu na Maria. Kwao ambako polisi walikuwa wanamngoja.

Nilitaka ardhi ipasuke. Yeye hakunigombeza, jambo lililoniuma zaidi. Alinipeleka kwa wakili wake, binti wa Kisingasinga anayeitwa Jaspreet, mwembamba, anaongea kama anakimbilia treni. Jaspreet akasema kuna rufaa, na shahidi pekee anayeweza kuziua zile picha ni aliyezipiga. Nitasimama mbele ya jaji niseme mikutano ile ilikuwa yangu, haikuwa yake, na nieleze alivyofanya katika kila mmoja. Yaani nikiri kwa kiapo kwamba nilishindwa mara tisa. Mimi! Nikamwuliza kama ninaweza kukiri mara nne au tano tu. Akasema hapana.

Usingizi ulipaa. Nikisema, kanisa zima litajua habari za Evodius, na litajua kwamba mshenga wao ni bure. Nisiposema, wanampandisha ndege. Nilijaribu kutafuta njia ya katikati kwa siku nne, sikuiona. Mficha uchi hazai, nikajisemea, nikapiga pasi kitenge changu kipya.

Siku ya rufaa nilidai mkalimani. Kiingereza changu ni cha kazini, kinatosha kumwambia mzee ainue mguu, lakini hasira zangu ziko kwa Kiswahili. Wakanipa Mkenya mmoja mpole. Jaji alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kamba. Upande wa serikali alisimama kijana mrefu, suti inambana, akaniuliza kwa heshima kama haiwezekani tu kwamba wanawake wale hawakumpendeza bwana Evodius.

Nikasimama. Nikaanza na macho ya yule nesi. Nikaenda kwa mwalimu, nikaeleza mwendo wake, nikafika kwa Beatha nikaeleza mengine ambayo mkalimani aliinama akayatafsiri kwa kifupi sana. Jaji aliniomba nikae. Kijana akageuza karatasi, akasema basi labda tatizo ni mshenga, labda mimi si hodari.

Wee! Nilimwambia nina ndoa arobaini na moja. Akaniuliza kwa upole kama zote arobaini na moja ni kazi yangu mwenyewe.

Biblia niliyoapia ilikuwa bado pale mezani. Nikaitazama. Nikamtazama Evodius, aliyekuwa akitazama viatu vyake. Nikasema thelathini na saba. Nne ni zake yeye. Nikaeleza jinsi alivyokuwa akiwasikiliza mabinti wale kuliko mwanamume yeyote niliyewahi kuwaletea, kisha anawapa waume kwa moyo mweupe, hana wivu, hana tamaa, anafurahi kama kaka mtu. Nikamwambia jaji mimi nimefanya kazi hii miaka ishirini na mbili, na mwanamume anayempenda mwanamke namjua hata akiwa anaumwa malaria. Huyu hapana.

Kijana alikuwa na swali moja la mwisho. Alitaka kujua nilitambua lini.

"Baada ya yule wa tatu," nikasema.

"Na ukaendelea kumletea wengine sita. Kwa nini?"

Nilikuwa na majibu mazuri mengi. Ningeweza kusema nilimkinga na midomo ya watu, na kuna ukweli kidogo humo. Lakini nilikuwa nimeshaanza kusema kweli nikashindwa kuacha. "Kwa sababu niliona aibu," nikasema. "Nilitaka niamke siku moja nikute nimekosea. Nilijali jina langu kuliko yeye."

Mkalimani alilitafsiri lote hilo, halikupunguzwa hata neno. Evodius aliinua kichwa, na sikuweza kumwangalia.

Habari zilifika Woolwich kabla yangu, maana Watanzania tuna treni yetu ya umbea isiyosimama vituoni. Mama mmoja aliniondolea binti yake ambaye nilikuwa nimeshamfikisha hatua ya barua ya posa. Kanisani Jumapili ile nilikaa benchi zima na mkoba wangu. Beatha alikuja akakaa nami, akamvuta na Method, ambaye alikoroma kama kawaida. Wengine hawakuja, na hadi leo wako ambao hawajaja. Nilitukana kimoyomoyo katikati ya sala, Mungu anisamehe, kisha nikaenda nyumbani nikapika.

Hukumu ilitoka wiki ya tano. Evodius aliileta jikoni kwangu, safari hii akaisoma mwenyewe kwa sauti, na sauti ilikuwa inamtetemeka hata ba, be, bi zilimponyoka. Rufaa imekubaliwa. Atakaa. Jaji aliandika kwamba ameridhika shahidi ni mtu mkweli, na kwamba kushindwa kwake mara tisa hakuwezi kuelezwa kwa upungufu wa ustadi. Nikamwambia arudie hapo. Akarudia. Nikamwambia arudie tena.

Tulipomaliza kulia na kucheka nikampakulia ndizi, nikakaa, nikamwuliza lililokuwa likinichoma tangu mahakamani. Alijua kwamba ninajua. Kwa nini basi alikubali kwenda kwa wote tisa? Angekataa tangu wa kwanza, picha zisingekuwepo, na miezi yote ile ya hofu isingekuwepo.

Akaweka kijiko mezani.

"Mama yangu alikuwa akinitafutia mke tangu nina miaka ishirini na tano," akasema. "Kila nikipiga simu, ana jina jipya. Alinichosha. Siku alipojua, aliacha. Hakunitukana, Mama Evans. Aliacha tu kutafuta. Halafu nikaja huku, wewe ukaanza."

Nilifuta meza iliyokuwa safi. Nilifungua bomba nikalifunga. Nilimfikiria yule mama nyuma ya mlango wake, nikamwonea hasira, kisha nikamwonea huruma, kisha hasira ikarudi. Nilifikiria padri atasema nini, na mama yangu mzazi kule Bukoba, na zile ndoa thelathini na saba, ambazo baada ya habari hii sijui kama zitafika hata thelathini na nane.

Kisha nikaivuta droo nikatoa daftari. Nikapangusa miwani. Nilikuwa sijui hata mtu huanzia wapi, kanisa gani, mgahawa gani, nani wa kumwuliza. Nikafungua ukurasa mpya, nikaandika jina lake juu, nikapiga mstari.

"Haya," nikasema. "Mrefu au mfupi?"