Vipimo vya Asubuhi Ile

Wateja walimpachika jina la Fundi Kesho, na wakati ule alilistahili kabisa. Ukimpelekea kitambaa leo, atakuambia njoo kesho. Ukija kesho utamkuta anakunywa chai, hana hata chembe ya haya, na atakuambia njoo kesho. Ulimi wake ulikuwa mtamu kiasi kwamba mtu aliyekuja kugomba aliondoka akicheka, mikono mitupu. Siku hizi hachelewi. Nguo aliyoiahidi asubuhi, asubuhi utaikuta imepigwa pasi na kukunjwa. Jina lakini limemng'ang'ania, na wageni wakiuliza limetokana na nini, wanaomjua hugeuza mazungumzo.

Wanageuza mazungumzo kwa sababu wanajua. Miaka sita iliyopita alikuwa na mume, fundi rangi, na binti wa miaka saba aliyekuwa na maneno mengi kuliko bibi yake. Mdogo wake Fundi Kesho alijifungua kwa shida kwenye mji wa mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi, naye akaenda kumuuguza. Huku nyuma binti yake akashikwa na homa. Mume kila akipiga simu alisema, "Hajambo, anacheza." Alijiambia homa ni homa tu, itashuka, ya nini kumtia mkewe wasiwasi na huko aliko tayari ana mgonjwa. Haikushuka. Ilipanda mpaka mtoto akalazwa, na simu zikaendelea kusema hajambo.

Hilo pengine lingesameheka. Lililoshindikana ni la vipimo. Fundi Kesho alikuwa amepata kitambaa kizuri cha njano, akamwomba mumewe ampimie mtoto kifua, kiuno, mabega na urefu. Asubuhi moja simu ikalia, na kabla mwanamume hajasema lolote mkewe akadakia, "Haya, nipe vipimo, nimeshakaa kwenye cherehani ya watu." Akapewa. Kifua kilikuwa kimeongezeka, akaangua kicheko. "Mwanangu kanenepa! Huyo bibi yake anamlisha nini?" Mume akakohoa, akasema kwa sauti iliyokauka, "Rudi leo. Mama yangu hajisikii vizuri." Sasa mama mkwe alikuwa hajisikii vizuri kila wiki, kwa hiyo mke akajibu kama alivyowajibu wateja wake wote. Siku ile akashona gauni, na kwenye kola akalitia maua. Alipofika jioni ya siku ya pili, gauni mkobani, alikuta watu wamekaa uani kimya, na mwanawe alikuwa ameshazikwa.

Alilia mpaka sauti ikampotea. Kisha akamfukuza mumewe. "Mtu aliyenisomea vipimo vya mtoto mahututi kama anayesoma namba za rangi," aliwaambia ndugu waliokuja kusuluhisha, "mimi siwezi kulala naye chumba kimoja. Nitajuaje akisema hajambo kama ni hajambo?" Mwanamume hakubishana. Alikusanya brashi zake, akaenda kuishi kwa mama yake.

Kitu kimoja tu Fundi Kesho alibaki nacho. Mama mkwe alikuwa amemshika mikono akamwambia mtoto alikata roho adhuhuri. Simu ya vipimo ilikuwa asubuhi ya siku ile ile. Kwa hiyo alipokuwa akicheka, mwanawe alikuwa bado anapumua. Alijua, kwa jicho la kazi yake, kwamba vile havikuwa vipimo vya mwili. Nguo huachiwa nafasi, na kifua kile kilichomfurahisha kilikuwa cha gauni. Baba alipima gauni lililotundikwa nyumbani. Sawa, mtoto yuko hospitali, angempimaje? Lakini alikuwa hai. Mara ya mwisho alipokuwa mama mwenye furaha, alikuwa bado na mtoto wa kumfurahia. Hilo alilishika kwa nguvu zake zote, na kuna siku lilikuwa ndilo linalomnyanyua kitandani.

Mwaka huu fundi rangi akapata kazi ya kupaka duka la dawa lililotazamana na kibanda cha cherehani. Siku ya tatu akavuka barabara na suruali iliyopasuka mguuni.

"Fundi," alisema.

"Naam, fundi," alijibu mwanamke bila kuinua uso.

Walianza kuitana hivyo kwa sababu majina yao ya zamani, mama nani na baba nani, yalikuwa na jina la mtoto ndani yake. Alimshonea, akamrudishia, hata habari hakumuuliza. Wiki iliyofuata likaja goti. Halafu mfuko. Mara ya nne Fundi Kesho akaiinua ile suruali kwenye mwanga, akaigeuza nje ndani.

"Hii imechanwa na nini?"

"Msumari. Kwenye ngazi."

"Msumari gani huo unaofumua mshono uzi mmoja mmoja na kitambaa haukigusi? Huu ni wembe, fundi. Tena wembe mpya."

Mwanamume akajikuna kichwa, rangi nyeupe ikamdondokea begani. "Sasa ningekuja kwa sababu gani nyingine?"

Kicheko kilimtoka mwanamke kabla hajakizuia, na hapo hapo akajikasirikia. Akamtupia suruali yake. "Yaani hata suruali unanidanganya! Hujabadilika hata kidogo."

"Kweli, nimekudanganya," alisema mwanamume, akaondoka na suruali yake iliyochanika. Kesho yake alikuja bila kitu mkononi. Akakaa kwenye benchi la wateja, akasema amekuja kukaa tu.

Akawa anakuja kila mchana. Duka la dawa lilikwisha, akapata nyumba ya jirani, ikaisha nayo, akapata ukuta wa shule. Watu wakaanza kusema mtaa huu utapakwa rangi mpaka mawe. Walizungumza habari za wateja wabishi, za mvua, za mama yake aliyefariki mwaka jana baada ya kuugua muda mrefu, yeye akimwogesha na kumlisha kwa mikono yake. La mtoto hawakuligusa. Mdogo mtu alipopiga simu hakusalimu hata vizuri.

"Dada, shemeji bado yupo benchini?"

"Huyo si shemeji yako."

"Haya, huyo asiye shemeji yangu, yupo?"

"Yupo," alisema Fundi Kesho, na akaona aibu jinsi neno lilivyomtoka kwa furaha. Alikuwa amekwishaanza kusikiliza ngazi yake ikiburutwa barabarani. Alimtaka, hilo halikuwa na mjadala. Alimwogopa vilevile. Kumpenda tena lilikuwa jambo jepesi. Kuamini kinywa chake ndiko kulikomshinda.

Kisha siku moja mwanamume akasema, "Nimechoka kuwa mteja. Turudiane." Akapewa jibu la nitafikiria, na kwa juma zima mwanamke akashona mikono kinyumenyume, akafumua, akashona tena.

Jumapili mchana alimwita chumbani kwake. Alitandika kitambaa mezani, akaweka chai, akajifunga kanga upya kama mtu anayetaka kuinua mzigo.

"Nimekubali," alisema. "Ila kama kuna kitu chochote ulichonificha, kiseme leo, hapa hapa. Nikija kukisikia kwa mtu mwingine, hunioni tena mpaka kufa."

Alisema kwa kutimiza desturi tu, kwa kuwa alidhani hakuna kilichobaki. Mabaya yote alikuwa ameshayajua. Alitegemea acheke, aseme ni ule wembe peke yake. Mwanamume hakucheka. Alikisogeza kikombe, akakirudisha. Mwanamke akakishika kikombe kisisogee tena.

"Ni nini?"

"Mama alikuambia adhuhuri. Ni mimi niliyemwomba aseme hivyo." Aliongea akiangalia meza. "Haikuwa adhuhuri. Alifariki alfajiri. Nilipokupigia simu tulikuwa tumeshamrudisha nyumbani. Alikuwa chumba cha pili, amefunikwa shuka. Nilipiga ili nikuambie, neno lilikuwa mdomoni kabisa. Wewe ukanitaka vipimo. Nikageuka nikaona gauni lake mlangoni, nikachukua futi. Ukacheka, na mimi sikuweza tena."

Fundi Kesho alisimama, akaishika meza. Kilichomjia kwanza hakikuwa hasira ya uongo ule wa zamani. Ilikuwa hasira juu ya ukweli huu, ulioingia na kumnyang'anya asubuhi yake moja.

"Ungenyamaza!" alipiga kelele. "Mama yako ameshazikwa, nani angekuja kuniambia? Nani?"

"Hakuna."

"Ungenyamaza tu! Nilikuwa nimeshakubali, hukunisikia? Nimesema nimekubali!"

"Nimekusikia. Lakini umeniuliza."

Mwanamke akakaa chini. Alilia kwa sauti, bila kuficha uso, na katikati ya kilio akajisikia anavyosema: ungenyamaza, ungenyamaza. Miaka sita alikuwa amemchukia mtu huyu kwa kumficha, na sasa alikuwa anamlaumu kwa kutoficha. Akaiona asubuhi ile kutoka upande wa pili wa simu: mtoto amelala chumba cha pili, mke anacheka, na mtu mmoja ameshika futi na hana pa kuliweka lile neno. Haikumfanya aone alichofanyiwa kilikuwa sawa. Hakikuwa sawa, na hakitakuwa. Lakini aliyefanya hakuwa tena yule mtu asiye na moyo aliyekuwa akimhukumu kila siku kwenye cherehani.

Mwanamume alinyanyuka, akachukua kofia yake. "Naenda," alisema. "Naelewa."

"Kaa."

Akakaa.

"Nani alimfumba macho?"

"Mimi."

"Alisema nini mwisho? Aliniulizia?"

Hapo alimwangalia usoni, na moyo wake wote ulikuwa unaomba. Neno moja tu lingetosha, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kulipinga. Mwanamume alilijua hilo. Akafuta macho kwa kiganja.

"Hakuniambia kitu," alisema. "Usiku ule mzima hakuongea. Nilikuwa namwita, haitiki."

Fundi Kesho aliinamisha kichwa mezani. Ilimuuma kuliko kila alichowahi kuambiwa, na aliamini kila neno. Alikaa hivyo mpaka chai ikapoa. Kisha, akiwa bado analia, akamuuliza vitu vyake atavileta lini.