Herufi Zilizonyooka

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta tulimwita Brashi, kwa kuwa aliandika majina ya maduka kwa mkono. Mkewe alipofariki akaanza kunywa kidogo jioni, apate usingizi. Mabango ya mashine yalipomnyang'anya kazi, jioni ikasogea mchana, mchana ukasogea asubuhi. Nyumbani kwake hakukuwa na wa kumwambia basi. Nilimsikia akikohoa, lakini sikubisha hodi. Mimi si mtu wa maneno.

Siku moja bintiye akaja. Alikuwa anafungua saluni.

"Baba, jina niandikie wewe."

"Mashine inaandika vizuri zaidi, mama."

"Nakutaka wewe. Ila uje hujanywa. Ukiweza, kila Jumapili utakula kwangu na wajukuu zako. Ukishindwa, kila mtu na lake."

Brashi akakaa siku tatu bila tone. Alitetemeka hadi kitanda kikawa kinagonga ukuta wangu. Siku ya nne akaoga, akapiga shati pasi, akaniomba nimsaidie kubeba ngazi.

Bintiye alikuwa ndani ya saluni akipanga vioo. Brashi akapanda, akachovya rangi. Mkono ukamcheza. Herufi ya kwanza ikaenda upande. Akaifuta kwa kitambaa, akaandika tena, akafuta tena.

"Iache hivyo hivyo," nikamwambia.

"Saluni gani hiyo, bango lenyewe halijachanwa?"

Akashuka, akasema anakwenda chooni. Aliporudi alikuwa anamung'unya pipi ya mnanaa, na mkono umetulia tuli. Akaandika jina zima bila kupumzika. Sijaona kazi safi kama ile.

Bintiye akatoka, akatazama juu. Miaka mingi alimshikia baba yake kopo la rangi. Mkono ule alikuwa anaujua, na alijua siku hizi hautulii bila kinywaji.

"Zimenyooka, baba."

"Umezipenda?"

"Ningependa zilizopinda."

Akaingia ndani, akarudi na bakuli la chakula lililofunikwa. Akampa kwa mikono miwili.

"Ukale nyumbani."

Tukarudi, mimi na ngazi, yeye na bakuli.

Jumapili mchana alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa lile shati la pasi, bakuli tupu limeoshwa na kuwekwa magotini. Nayajua hayo kwa sababu siku hiyo nilibisha hodi.