Chupa za Jamu Ukumbini

Wapambaji wengine huja na katalogi. Shangazi yake bibi harusi huja na karai la chupa tupu za jamu, nyingine zilizokwisha kutiwa viungo jikoni. Huzifanya vyombo vya maua, kamba ya katani ameibana kwa meno na bado anaongea. Gundi iliyomkaukia vidoleni huibandua huku akikutazama, kama samaki anayejiparua magamba mwenyewe. Kila chupa huiosha mara tatu, kisha huinusa kwa pua nzima: "Harusi yetu isije ikanuka kitunguu saumu, jamani."

Bibi harusi alikuwa amemsihi: "Shangazi, wakwe wakiuliza, sema tumenunua." Akaitikia. Ukumbini, mama yake bwana harusi, mtu wa kununa hata akipigwa picha, aliinamia chombo cha mezani kwake, akakinusa, akapapasa kamba. "Hivi mmevitoa duka gani?" Bibi harusi akafumba macho. Shangazi akanyoosha vidole vyote kumi, na gundi yake. "Duka ndilo hili, mama."

Yule mama alipoaga, maua ya meza yake yalikuwa yamelala kitambaani bila chombo, na mkoba wake umevimba. "Mwacheni," Shangazi akasema, kifua mbele. "Hata hicho nilikinusa."